Kipindi cha Afya Si Akiba ya Hisabati

Wiki tatu zilizopita nilikwenda shuleni kuchukua ripoti ya binti yangu. Nikiwa kwenye foleni, mvulana wa darasa lake alianguka pale pale mlangoni. Mwili ukakakamaa, ukaanza kutikisika, macho yakageuka. Wenzake wakarudi nyuma mpaka ukutani, wawili watatu wakatimua mbio. Mwalimu, mtu mwenye nia njema kabisa, alipiga magoti akawa anahangaika kupenyeza rula ya mbao katikati ya meno ya yule mtoto. Mzazi mmoja akamkandamiza miguu ili asitikisike. Mimi nilisimama na bahasha ya ripoti mkononi nikipiga kelele, "Maji! Leteni maji!"

Wote watatu tulikosea. Mtu aliyepatwa na kifafa hatiwi kitu mdomoni, iwe rula, kijiko au kidole; atavunjika jino au atapaliwa. Habanwi. Hapewi maji. Unasogeza viti na kila kigumu kilicho karibu naye, unamwekea sweta au kitu chochote laini chini ya kichwa, unatazama saa, na akishatulia unamlaza ubavu ili mate yatoke nje yasimzibe pumzi. Dakika 5 zikipita bila kutulia, unaita gari la wagonjwa. Basi. Mtoto wa miaka tisa anayaweza haya yote. Mimi, na umri huu, niliyasoma usiku ule kwenye simu, wakati hayamsaidii tena yule mtoto.

Alizinduka, namshukuru Mungu, mdomo umechanika kwa ile rula.

Siku nne baadaye tukaitwa kikao cha wazazi. Tukazungumza matokeo, tukazungumza matokeo tena, kisha mzazi mmoja akasimama kutoa pendekezo: kipindi cha afya, ambacho kiko mara moja tu kwa wiki, kipewe Hisabati mpaka mitihani ipite, maana hakitahiniwi. Watu wakapiga makofi. Kuhusu yule mtoto halikusemwa neno. Nilinyoosha mkono, nikaambiwa muda umekwisha. Kwa hiyo naandika hapa.

Nilipofika nyumbani nilimwomba binti yangu daftari lake la afya. Kurasa zilizoandikwa ni tano. "Maana ya ajali." "Aina za ajali." "Umuhimu wa huduma ya kwanza." Mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari, na kila ukurasa una vema ya kalamu nyekundu. Nikamwuliza, "Mwanangu, mdogo wako akimwagikiwa maji ya moto mkononi sasa hivi, utafanya nini?" Akasimama wima kama yuko darasani, akajibu, "Ajali ni tukio la ghafla lisilotarajiwa linaloweza kusababisha madhara." Nikamwambia sawa, lakini mdogo wako analia, mkono unawaka, unafanyaje? Akafikiri. "Nampaka dawa ya mswaki?"

Hapo ndipo roho iliponiuma. Mtoto huyu ana alama kamili katika somo ambalo lingemfanya aunguze kidonda cha mdogo wake. Jibu lenyewe ni bomba: maji safi ya baridi, si barafu, yatiririke juu ya mkono kwa dakika 20, pete au bangili itolewe kabla mkono haujavimba, halafu ndiyo mengine. Hakuna mtu aliyewahi kumpeleka kwenye bomba akamwambia, "Weka mkono hapa, tuhesabu dakika." Dakika 20 ni nyingi mno kwa mtoto aliyesimama bombani. Usipozifanyia zoezi utatoa mkono baada ya dakika mbili ukidhani umemaliza.

Ninalodai ni hili, na sitalitafutia maneno laini: usalama haufundishwi kwa kunakili ubaoni. Ni kazi ya mikono na miguu, kama kuogelea au kuendesha baiskeli. Hofu ikishaingia kichwa husahau maandishi. Kinachobaki ni kile ambacho mwili umekizoea. Kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 kwa mtu mzima, hakuna anayekifahamu mpaka mikono yake yenyewe imewahi kuchoka kwa kukifanya. Kumpiga aliyepaliwa katikati ya mabega, mara tano, kwa kiganja na kwa nguvu ya kweli, ni jambo ambalo mtoto mwenye adabu atasitasita kumfanyia mtu mzima kama hajawahi kuambiwa kwamba anaruhusiwa.

Tazameni Japani. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipopiga na bahari ikaja, wanafunzi wa mji wa Kamaishi hawakungoja matangazo. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kukimbilia mlimani mara nyingi, wamefundishwa wasiiamini ramani ya maeneo ya hatari kuliko macho yao na wasimngoje mtu. Wale wa sekondari walitoka mbio, wa msingi wakawaona wakafuata, wakubwa wakawashika wadogo mikono. Walipofika mahali palipopangwa, wakaona hapatoshi, wakapanda juu zaidi. Karibu wanafunzi 3,000 wa mji ule waliokoka. Siku hiyo hiyo, katika shule ya msingi ya Okawa, watoto walikalishwa uwanjani kwa takriban dakika 50 huku watu wazima wakishindwa kuamua pa kwenda, na kilima kiko nyuma ya shule. Walikufa wanafunzi 74 na walimu na wafanyakazi 10 wa shule. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikauacha usimame uamuzi wa kwamba shule na mamlaka zilikosa kujiandaa. Nimerudi kusoma habari za Okawa mara kadhaa wiki hizi, na kila mara nakwama kwenye zile dakika 50. Zinatosha kipindi kizima.

Hata bila bahari, hesabu inatisha. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Na Denmark, ambako kufundisha wanafunzi kufufua moyo kuliwekwa kwenye sheria mwaka 2005, hali ilibadilika: mwaka 2001 watu walioanguka moyo ukasimama nje ya hospitali walisaidiwa na wapita njia mara moja tu katika kila tano, kufikia 2010 ilikuwa karibu nusu. Shule hazikufanya kazi hiyo peke yake, wanaotaka leseni ya udereva nao walilazimishwa kujifunza, lakini shuleni ndiko kunakomfikia kila mtu kabla hajasambaa.

Najua walimu watanijibu nini, na wana haki kiasi. Darasa limejaa, mtaala umejaa, na mwalimu mwenyewe hajawahi kufundishwa kumlaza mgonjwa ubavu. Nakubali. Simlaumu yule mwalimu wa rula. Alipiga magoti wakati wengine tulikuwa tunapiga kelele. Namlaumu aliyempa darasa la watoto bila kumpa hata siku mbili za mafunzo ya huduma ya kwanza. Lakini kujaa kwa ratiba siwezi kukukubali kama sababu, kwa kuwa kipindi kipo tayari. Kimo kwenye ratiba. Tunachofanya ni kukimega kila mtihani unapokaribia, na mtihani huwa unakaribia siku zote.

Wapo wanaosema mambo haya yafundishwe nyumbani. Nyumba ipi? Mimi ni nyumba, na nilikuwa napiga kelele za maji. Tena ziko nyumba ambazo mtoto anaumizwa humo humo, na shule ndiyo mahali pekee anapoweza kusikia kwamba mwili wake ni wake na kwamba yupo mtu mzima wa kumwambia.

Kuna jambo moja sikulitegemea. Yule mvulana alirudi shule baada ya siku mbili. Binti yangu akaniambia siku hizi anakaa peke yake dawati la nyuma. Wenzake wanaamini mate yake yanaambukiza. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa kugusana. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Sentensi moja tu ya mwalimu, siku ile ile, ingempa mtoto yule dawati la mbele na rafiki wa kula naye. Tunapotaja ustawi wa wanafunzi huwa tunataja mambo makubwa makubwa, washauri na ofisi na miongozo. Vyote navitaka. Lakini nataka pia ile sentensi.

Jumapili tulisogeza viti vya sebuleni. Nikajilaza sakafuni, binti yangu akapiga magoti kando yangu. Mkono mmoja aunyooshe pembeni, wa pili auweke kwenye shavu langu, akunje goti langu la mbali, alivute taratibu. Mara ya kwanza nilikwama kati. Mara ya tatu nilibingirika kwa ubavu kama gogo, akainamisha sikio lake karibu na pua yangu kusikiliza pumzi, kimya, uso umekaza. Ilituchukua kama dakika kumi. Kisha akaniuliza, "Mama, na yeye nimwambie nini akiamka?" Nikamjibu, mwambie jina lako, mwambie uko naye.

Jumatatu alimwomba mwalimu awaonyeshe wenzake. Akaambiwa angoje kwanza mitihani ipite.