Peptaidi za sumu: kuingia kwenye seli ni kitu kimoja, kufika kazini ni kingine

Dawa zilizotokana na sumu za wanyama si habari mpya jamani. Captopril ya presha ilitengenezwa baada ya watafiti kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazil, Bothrops jararaca, ikaruhusiwa Marekani 1981, halafu 2004 ikaja ziconotide ya maumivu makali kutoka kwa konokono wa baharini, na 2005 exenatide ya kisukari ambayo asili yake ni mate ya yule mjusi Gila monster. Ila ukiziangalia vizuri zote tatu zinafanya kazi nje ya seli au pale juu kwenye utando wake, hakuna hata moja iliyohitaji kuzama ndani. Ndiyo maana hizi peptaidi za sumu, yaani vipande vifupi vya protini, zinazopenya mpaka ndani ya seli hai zimewapa watu mzuka, kwa sababu protini nyingi zinazoendesha saratani na magonjwa mengine zimejificha humo ndani na molekuli kubwa huwa hazifiki.

Utando wa seli ni mafuta, kitu kikubwa chenye chaji hakitakiwi kupita. Lakini 1988 ikaonekana kwamba protini ya TAT ya virusi vya HIV inaingia yenyewe tu kwenye seli, na tangu hapo wanasayansi wakaanza kusaka nyingine, na kwenye sumu wakazipata.

Maarufu zaidi ni krotamini, inatoka kwa nyoka wa Amerika Kusini anayetikisa njuga mkiani, Crotalus durissus terrificus. Ina asidi amino (yale matofali yanayojenga protini) 42, na 11 kati ya hizo zina chaji chanya, kwa hiyo inanasa kwenye sukari zenye chaji hasi zilizoko juu ya seli kisha seli yenyewe inaimeza. Cha kuvutia ni kwamba inapendelea seli zinazogawanyika kwa kasi, na hapo ndipo wanaoiunga mkono wanaposimama: kama inazichagua hizo basi inaweza kuzichagua seli za saratani. Na wana cha kuonyesha, maana kwenye utafiti wa 2011 panya waliopandikizwa melanoma, saratani ya ngozi, wakapewa dozi ndogo ndogo za krotamini uvimbe wao ulichelewa kukua na wakaishi muda mrefu zaidi ya wale ambao hawakupewa.

Sawa, panya. Lakini seli zinazogawanyika kwa kasi si za saratani peke yake, zipo za utumbo, za uboho, za mizizi ya nywele, na hiyo ndiyo shida ileile inayowatesa wagonjwa wa kemotherapi miaka yote. Halafu tusisahau kwamba krotamini hiyohiyo ukiizidisha panya anapooza miguu ya nyuma, yaani dozi ndiyo kila kitu hapa.

Shida kubwa kwangu mimi hata siyo hiyo. Seli ikimeza kitu inakiweka kwenye kifuko, na kifuko kinaelekea laisosomu ambako vitu vinameng'enywa, kwa hiyo peptaidi inaweza kuonekana iko ndani ya seli wakati kiukweli bado imefungiwa, kama mzigo uliofika bandarini na haujatolewa. Sehemu inayotoroka kwenye kifuko huwa ndogo. Na TAT yenyewe, pamoja na miaka yote hiyo, ilipotumika kubeba dawa kwa wagonjwa wa shambulio la moyo kwenye jaribio kubwa, haikuonyesha faida. Halafu kuna ishu ya picha, ambazo hupigwa baada ya peptaidi kubandikwa rangi inayong'aa: 2003 ilionyeshwa kwamba ile hatua ya kuua seli na kuzigandisha kwa kemikali kabla ya kuziweka kwenye darubini inaweza kusambaza peptaidi mpaka kwenye kiini, kwa hiyo baadhi ya zile picha nzuri za seli zinazong'aa zilikuwa zinatuonyesha kitu kilichotokea baada ya seli kufa.

Kwa hiyo ni bure kabisa? Hapana, na hapa ndipo natofautiana na wanaobeza. Mimi naona swali la kuanza nalo ni je, mnyama mwenyewe anahitaji sumu yake iingie ndani? Kwa krotamini sina uhakika kama huko kuingia ni kazi yake au ni matokeo tu ya ile chaji. Lakini chukua maurokalsini ya nge Scorpio maurus palmatus, asidi amino 33, shabaha yake ni mlango wa kalsiamu ulioko ndani kabisa ya seli ya msuli, isipoingia haina kazi. Au ile ya nge wa Australia, Urodacus manicatus, iliyotangazwa 2019 na timu iliyokuwa na David Julius ambaye baadaye alipata Nobel: inapita utando bila kumezwa, inaenda kushika kipokezi cha maumivu TRPA1 kutokea upande wa ndani, na inaleta maumivu bila ule uvimbe wa kawaida. Hiyo haijafungiwa kwenye kifuko, tunajua kwa sababu kazi yenyewe inaonekana.

Maurokalsini ina jambo jingine zuri. Watafiti waliondoa vifungo vyake vya salfa, vile vinavyoshikilia umbo lake, peptaidi ikapoteza ukali wake lakini ikaendelea kupenya, maana yake kupenya na kudhuru vinaweza kutenganishwa. Ila kuna gharama, kwa sababu vifungo hivyohivyo ndivyo vinavyofanya peptaidi za sumu zisikatwekatwe haraka na vimeng'enya, na hiyo ilikuwa sababu kubwa ya kuzipenda mwanzoni, sasa ukivitoa umebaki na kitu kinachofanana na TAT tu.

Ndiyo maana mimi kwa sasa ningeziweka maabara kwanza, zitumike kuchunguza milango na vipokezi vya ndani, badala ya kuziita mabasi ya kubebea dawa. Na mtu akija na peptaidi mpya inayopenya asinionyeshe rangi tu, anionyeshe mzigo umefanya kazi ndani ya seli iliyo hai, kwa dozi ambayo haijatoboa utando wa seli hiyo.