Stacy Anakula Kuniliko

Binti yangu Stacy, wa gredi ya nne, ana bangili yenye heshima kuliko kitambulisho changu. Saa sita shuleni anaigusisha kwenye kimashine, kinalia tii, anapakuliwa wali na ndengu. Shilingi 5! Kaunti ya Nairobi inajazia. Choo cha stendi ni 10. Yaani mtoto anaingiza kwa 5, baba yake anatoa kwa 10.

Saa hiyo niko soko la Gikomba na githeri ya kibanda, mahindi tele, maharagwe unayahesabu. Jioni nikirudi Kayole nakuta sukuma, na Stacy ananiambia, "Baba, hii haina karoti." Mama Stacy anacheka. Nanyamaza. Nimezoea kukosolewa na wasiolipa kodi ya nyumba.

Sisemi sahani iondolewe. Thubutu! Pesa ya lanchi nimeshaipangia kazi, imeshalipa deni la simu. Kinachoninyima usingizi ni kura ya 2027, maana mimi na chakula cha serikali tunajuana zamani.

Maziwa ya Nyayo niliyanywa. Mzee Moi alianza kuyagawa shuleni 1979, bure. Ukimaliza, unaipuliza pakiti, unairukia ipasuke, mwalimu aruke. Tuliahidiwa mifupa imara. Miaka ya tisini yakaanza kuchelewa, yakapungua, yakapotea bila kuaga. Goti langu la kushoto hadi leo linayauliza.

Halafu unga wa ugali. 2017, mwaka wa kura, serikali ikajazia, pakiti ya kilo mbili ikashuka hadi 90. 2022, mwaka wa kura tena (sadfa hiyo!), ikatangazwa 100 kutoka 205. Kuiona dukani ilikuwa bahati. Muuzaji wetu alimpa anayenong'ona tu. Agosti tukapiga kura. Septemba serikali mpya ikasema kumsaidia mlaji ni kupoteza pesa, asaidiwe mkulima: mbolea, gunia la kilo 50 kwa 3,500. Hesabu safi, sikatai. Unga ukilimwa mwingi bei itashuka yenyewe. Lakini mimi naishi orofa ya nne. Nipande wapi, kwenye kamba ya nguo?

Baba Brayo, jirani, hunituliza eti dishi ya shule haiwezi kufa, watoto wameshazoea. Nani amewahi kuendelea kupewa kitu Nairobi kwa sababu amezoea? Shilingi 5 hailipi mpishi, wala mafuta, wala lori la kusambaza. Anayelipa ni kaunti, na kaunti yenyewe inadaiwa na kila aliyewahi kuiuzia kalamu. Gavana akibadilika, mpya atataka jina lake kwenye sufuria. Apake rangi anayotaka, mradi asiifunike.

Tazama Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Lilianza kulisha wanafunzi wetu 1980, likaachia serikali kazi yote 2018. Walichukua miaka 38 kuondoka! Hata mwenye nyumba wangu, asiye na huruma, hutoa notisi ya mwezi. Maziwa hayakutoa hata ya wiki.

Kwa hiyo wanaoutaka ugavana wakija Kayole na fulana, wasijisumbue, ninazo za kila chama na ndizo ninazolalia. Waniletee karatasi ya bajeti inayoonyesha ndengu ya 2028 italipwa na nani, kutoka mfuko upi. Na karoti iandikwe mstari wake, nisisumbuliwe nyumbani.