Wachimba ming'oko waingie darasani

Ukifika stendi za huku kwetu Mtwara na Lindi wakati wa kiangazi, utawakuta akina mama na mabeseni ya ming'oko: viazi pori vyembamba, vimechemshwa na maganda yake, pembeni kuna chumvi na pilipili. Tunanunua, tunamenya, tunakula, safari inaendelea. Wachache wanajiuliza akina mama hawa wanajua nini. Kwa maoni yangu, hao ndio mabingwa wa mimea ya kusini, na tunawaacha wazeeke na elimu yao.

Ming'oko huchimbwa porini, tena wakati majani yameshakauka na kupukutika. Mchimbaji anautambua mmea kwa kamba kavu tu iliyojisokota kichakani, katikati ya kamba nyingine zinazofanana nayo. Akikosea ni hatari, maana viko viazi pori vyenye sumu. Akishaipata anaifuata hadi mzizini, anafukua taratibu asilijeruhi shina, anatoa vilivyokomaa, kisha anafukia shimo ili mwakani apate tena. Mwanafunzi wa sekondari anachora sehemu za ua vizuri kabisa kwenye daftari, lakini mpeleke nyuma ya shule umwulize majina ya vichaka vitano. Kimya!

Na vichaka hivyo si vya kawaida. Misitu ya Rondo, na ule wa Litipo karibu na Ziwa Lutamba, ina mimea isiyoota kwingine popote duniani. Kilwa nako kuna mti mrefu ambao wataalamu wanauita Karomia gigas. Ulidhaniwa umetoweka kabisa, hadi mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena. Mwaka 2018 mbegu zake zilipelekwa kwenye bustani ya mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani, na huko zikaoteshwa. Nafurahi kwamba zimeota. Lakini inaniuma kuona mti wa Kilwa unajulikana zaidi St. Louis kuliko Lindi mjini.

Adui anajulikana: moto, mkaa, na mashamba mapya ya ufuta na korosho. Simlaumu mkulima. Korosho ndiyo inayosomesha watoto na kuezeka nyumba, hata kama asili ya mkorosho ni Brazili. Ninachokataa ni kufyeka mpaka kijiti cha mwisho, kana kwamba pale hapakuwa na kitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia chenyewe, na vijiji vya Kilwa vilivyofanya hivyo vimeuza mpingo wao kwa utaratibu na kupata fedha za kijiji. Vijiji vya Newala, Tandahimba na Mtama navyo vitenge, hata kama ni kipande kidogo tu cha pori kilichobaki.

Shule zisisubiri mtaala mpya. Kiangazi hiki mwalimu wa baiolojia azungumze na mwenyekiti wa kijiji, amwombe bibi mmoja anayechimba ming'oko aingie porini na darasa zima, wanafunzi wakiandika majina kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, na matumizi ya kila mmea. Na bibi huyo alipwe posho, kama anavyolipwa mtaalamu anayetoka mkoani.