Nyuma ya Gari Lililoshushwa Hukaa Watu

Juzi jioni nilikuwa nyuma ya Honda Fit iliyoshushwa, yaani iliyopunguzwa urefu ikae karibu zaidi na ardhi, kwenye Barabara ya Morogoro, na kiti chake cha nyuma kilikuwa kimejaa: mama mmoja na watoto wawili. Kila lilipofika tuta, dereva alilipanda polepole na kwa mshazari, lakini nyuma ya gari iligota chini kwa kishindo, kisha ikarushwa juu, na vichwa vya wale watoto vikarushwa nayo. Dereva hakuwa mzembe. Mzembe ni yule aliyemfungia springi fupi pamoja na shokapu za kawaida, akapokea fedha, akamwambia kwamba kazi imekwisha.

Katika gereji zetu mazungumzo ya kushusha gari huanza na kuishia kwenye vidole: kati ya tairi na fenda vibaki viwili au kimoja? Sijapata kumsikia fundi akimuuliza mteja anabeba nani nyuma na mara ngapi. Napenda gari lililoshushwa vizuri, na ninakiri kwamba uzito ukikaa karibu na ardhi gari hupunguza kulala kwenye kona. Hata hivyo, urefu wa gari unapaswa kuwa jibu la mwisho la hesabu, na sisi tunaufanya kuwa swali la kwanza.

Mbele ya gari uzito haubadiliki sana, kwa sababu injini ipo pale siku zote. Nyuma ndiko mabadiliko yaliko, hasa kwa gari dogo kama Fit, ambalo hata tangi lake la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele. Dereva akiwa peke yake, nyuma ni nyepesi mno. Siku ya safari ya Krismasi au Idi, magurudumu yaleyale hubeba abiria watatu, mabegi na gunia la mchele. Tuchukue mfano wa springi inayobonyea milimita 1 kwa kila kilo 2 zinazoongezeka kwenye gurudumu, na gari ambalo, kabla ya kushushwa, gurudumu lake la nyuma lina milimita 100 za kupanda kabla ya kugota. Mzigo ukiongeza kilo 80 kwa kila gurudumu, gari linashuka milimita 40, na zinabaki 60. Gari hilohilo likishushwa milimita 40 bila kuongeza ugumu wa springi, zinabaki 20 tu, na matuta yetu yanazimaliza hizo kabla tairi halijafika kileleni. Springi ya kilo 3 kwa milimita ingeshuka milimita 27 hivi kwa mzigo uleule, na zingebaki 33. Kwa hiyo springi ya nyuma inachaguliwa kwa kuliangalia gari likiwa limejaa, wala si likiwa limeegeshwa tupu mbele ya duka kwa ajili ya kupigwa picha.

Hapo ndipo wanapotokea watu wa kunakili namba. Rafiki mwenye Subaru Impreza anasema springi zake za nyuma ni za kilo fulani, na mwenye Fit anakwenda Kariakoo kutafuta ugumu huohuo. Katika Impreza za zamani springi imezunguka shokapu, karibu na gurudumu, na hufuata mwendo wa gurudumu karibu wote. Katika Fit inayosukumwa na magurudumu mawili ya mbele tu, springi imekaa peke yake juu ya boriti inayounganisha magurudumu ya nyuma, karibu zaidi na mahali boriti inapobembea, kwa hiyo husogea kidogo kuliko gurudumu. Springi ikisogea milimita 8 wakati gurudumu linasogea 10, ugumu unaolifikia gurudumu ni asilimia 64 tu (0.8 mara 0.8) ya ule ulioandikwa kwenye springi. Namba ya gari moja haina maana kwenye gari jingine lenye mpangilio tofauti.

Kuhusu kukata springi kwa grainda, nitakubali jambo moja, na nalikubali kwa shingo upande: springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi. Ukiondoa mzunguko mmoja kati ya sita inayofanya kazi, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Lakini urefu unaopotea ni mkubwa kuliko faida hiyo, na ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake. Anayeipasha springi moto wa gesi ili ilale anaua chuma chenyewe, na sina la kujadiliana naye.

Sasa nifike kwenye shokapu, ambazo wengi huziacha kama zilivyo kwa hoja kwamba "bado ni nzima". Inaweza kuwa nzima na bado isifae. Shokapu ya kawaida imepimwa kwa urefu wa kawaida wa gari. Gari likishushwa milimita 40, pistoni nayo inaanza safari yake ikiwa chini zaidi, na shimo moja linatosha kuigongesha kwenye kitako cha shokapu. Mpira wa kizuizi uliopo kwenye fimbo umewekwa kuzuia hilo, lakini gari linalouegemea mpira huo muda wote limeacha kutumia springi zake. Kishindo nilichokisikia Barabara ya Morogoro ndicho hicho. Ndiyo maana kampuni ya shokapu ya Bilstein hutengeneza B6 kwa magari yenye urefu wa kawaida na B8 iliyofupishwa kwa magari yaliyoshushwa.

Upande wa pili wa urefu unasahaulika kabisa. Katika gari ambalo springi imekaa peke yake, shokapu ndiyo inayozuia gurudumu lisining'inie kupita kiasi. Ukiweka springi fupi na kuacha shokapu ndefu, gurudumu likishuka springi inabaki huru na inaweza kutoka kwenye kikalio chake. Mwambie fundi alinyanyue gari magurudumu yote mawili ya nyuma yaning'inie, kisha uishike springi kwa mkono. Ikizunguka, usikubali gari hilo litoke gereji.

Halafu ipo nguvu yenyewe. Springi hurudisha karibu nguvu yote iliyoipokea, na kazi ya shokapu ni kuizuia isiirudishe kwa kishindo. Ukitoka springi ya kilo 2 kwenda ya kilo 3, shokapu inahitaji kuongezewa nguvu ya kuzuia kwa asilimia 22 hivi ili gari litulie kama lilivyotulia mwanzo. Shokapu isiyoweza kufanya hivyo inaiacha springi iwarushe abiria, na mtu analalamika kwamba springi ni ngumu mno ilhali shokapu ndiyo imeshindwa kuishika. Shokapu za njano za kampuni ya Koni zina faida hapa, kwa kuwa nguvu ya kuzuia springi inaporudi juu inarekebishika. Shokapu za mtumba sizishauri kabisa kwa gari lililoshushwa, hata zikiwa hazivuji.

Kwa wenye koilova, yaani seti za springi na shokapu ambazo urefu wake hurekebishwa, neno moja: chagua zile ambazo urefu wa shokapu unarekebishwa peke yake bila kugusa kikalio cha springi, na ukishusha kikalio, ufupishe na shokapu.

Njia ya kuhakiki ni rahisi, na inanisikitisha kwamba haifanywi. Funga uzi wa plastiki wa kubania nyaya kwenye fimbo ya shokapu, usukume hadi kwenye mwili wake, jaza gari watu na mizigo, kisha pita njia yako ya kila siku pamoja na matuta yake yote. Mahali uzi ulipofika ndipo pistoni ilipofika. Ukiukuta umebanwa kwenye mpira wa kizuizi kwa nguvu, gari liko chini mno kwa mzigo huo, hata kama kwa macho linapendeza.

Kwa Fit inayobeba familia ningeshusha nyuma milimita 25, kwa springi ngumu kidogo kuliko za kawaida na shokapu zilizofupishwa, na fedha zikitosha kimoja tu kati ya hivyo viwili, ningeliacha gari katika urefu wake hadi zitoshe vyote. Anayetaka milimita 60 aking'oe kiti cha nyuma na aendeshe peke yake.