Jino Jeusi Lisilouma Ni Bora Kuliko Pengo

Mtoto wa miaka mitatu mwenye jino lililotoboka mara nyingi hasemi kwamba linauma. Hutafuna upande mmoja, hukataa nyama na kuomba uji, huamka usiku akilia, na nyumbani huambiwa ana deko au ana minyoo. Wataalamu wana dodoso la maswali 13 kwa ajili ya watoto wa umri huu, liitwalo ECOHIS. Maswali 9 humhusu mtoto: maumivu, kula, kunywa vya moto na baridi, kutamka maneno, kulala, kucheka mbele za watu. Yaliyobaki 4 huihusu familia, yakiwemo siku za kazi zilizopotea na fedha zilizotumika. Kwa maoni yangu matibabu yapimwe hapo hapo, kwa usingizi na sahani ya mtoto, kabla ya kuulizwa jino limependeza kiasi gani.

Ndiyo maana naitetea dawa ya matone iitwayo silva daiamini floraidi, ambayo wengi huita SDF. Japani wameitumia tangu miaka ya 1970, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Haihitaji sindano ya ganzi wala mashine ya kuchonga. Madini ya fedha yaliyomo huua bakteria, na floraidi hulifanya gumu tena jino lililolainika. Tafiti zilizojumuishwa pamoja zinaonyesha kwamba ile ya asilimia 38 husimamisha takriban matundu 8 kati ya 10, na meno ya mbele huitikia vizuri kuliko magego.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini haitaki pupa. Mabaki ya chakula yaondolewe kwenye tundu, midomo ipakwe vaselini, pamba iwekwe pembeni mwa jino, kisha jino likaushwe. Tone moja linatosha hadi meno 5. Limiminwe kwenye kisahani cha plastiki, kwa kuwa dawa hii hula chuma na kioo. Kiburashi kichovywe, kikamuliwe ukingoni, tundu lipakwe na kuachwa kwa dakika moja, halafu ziada ifyonzwe kwa pamba. Mate yakifika mapema, dawa huzimuka na kazi inakuwa bure. Ikigusa ngozi huacha doa la wiki moja au mbili. Ikigusa nguo, doa halitoki.

Na jino? Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo. Hili aambiwe mzazi kabla chupa haijafunguliwa, aonyeshwe na picha, akubali mwenyewe. Mzazi anayeugundua weusi huo akiwa nyumbani ana haki ya kukasirika, na harudi tena. Asiporudi, sehemu kubwa ya faida inapotea, maana dawa hupakwa tena kila baada ya miezi 6. Weusi unaong'aa na kuwa mgumu ukiguswa ni dalili njema. Pakiwa bado pana rangi ya kahawia na ulaini, uozo unaendelea.

Anayeona weusi ni mzigo mzito, hasa kwa meno ya mbele, ana njia nyingine, na hii tuna sababu ya kujivunia: ART, yaani kuziba jino kwa zana za mkono tu, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Uozo laini hukwanguliwa kwa kijiko kidogo cha chuma, tundu likajazwa kijazio kiitwacho glasi ayonoma na kukandamizwa kwa kidole kilichopakwa vaselini. Mtoto asile kwa saa moja. Kijazio cha tundu la upande mmoja wa jino hudumu vizuri. Cha tundu lililokula pande mbili hubanduka mara nyingi zaidi, na hapo kofia ya chuma inayolifunika jino huwa imara kuliko kijazio. Inasikitisha kwamba njia iliyozaliwa kwetu ingali ngeni katika vituo vingi, na mtoto anayefika akiumwa jino hukutana na koleo la kung'olea kwanza.

Koleo lina mahali pake. Jino lenye usaha, uvimbe kwenye fizi au maumivu yanayoanza yenyewe usiku limeshaharibika hadi kwenye kiini, na kulipaka SDF ni kumchelewesha mtoto. Mwenye mzio wa madini ya fedha au vidonda mdomoni naye asipakwe.

Wazazi wa Arusha na Nakuru, ambako maji yana floraidi nyingi, huogopa kuongezewa nyingine. Tone zima la SDF lina takriban miligramu 1 ya floraidi, tena mara mbili tu kwa mwaka. Meno ya kahawia ya maeneo hayo hutokana na kumeza floraidi nyingi kila siku kwa miaka. Dawa ya mswaki ya kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na cha njegere baada ya hapo, nayo haina tatizo, mradi mzazi ndiye anayeikamua.

Meno ya mbele huanza kung'oka yenyewe mtoto akifikisha miaka 6 hivi. Magego ya utotoni hukaa hadi 10 au 12. Kwa hiyo, dawa ikiwa haba na foleni ndefu, ningeanza na magego.