Kitanzi kikiyumba, kagua vali kabla ya kugusa PID

Katika kitanzi cha udhibiti (kipimo, kidhibiti na vali vinavyofuatana), mtiririko ukipanda na kushuka bila kukoma, mafundi wengi hukimbilia kupunguza geini (ukali wa mwitikio) ya PID, kanuni ambayo kidhibiti hutumia kuiongoza vali. Tabia hii naipinga kwa nguvu zote, kwa sababu mara nyingi mgonjwa ni vali.

Vali iliyokazwa pakingi (vizibo vinavyozunguka shina lake kuzuia uvujaji) kupita kiasi hunata. Ishara ya kidhibiti inaongezeka, shina limegoma. Msuguano ukizidiwa, shina linaruka hadi kupita lilipotakiwa, na safari ya kurudi inaanza. Tuseme inanata kwa 2%, kosa (tofauti kati ya kipimo na thamani lengwa) limesimama kwenye 1%, geini ni 0.5 na muda wa intigrali ni sekunde 60. Intigrali, sehemu ya PID inayojumlisha kosa kadiri muda unavyopita, itahitaji dakika 4 kusogeza ishara kwa hiyo 2%. Punguza geini nusu, zinakuwa dakika 8. Yumbo limekuwa la polepole tu, halijaondoka.

Hesabu ya mifumo nyoofu, ambayo tokeo hulingana na ingizo, hailioni hili. Mchoro wa Nyquist, unaotumika kupima uthabiti wa kitanzi, huangalia nukta −1, lakini geini ya kifaa kisicho nyoofu hubadilika kulingana na ukubwa wa wimbi, A, hivyo nukta ile hugeuka mstari mzima: −1/N(A), ambapo N(A) ndiyo geini hiyo. Mchoro ukiukata mstari huo, tarajia mzunguko wa kikomo, yaani yumbo linalojiendesha lenyewe kwa ukubwa uleule. Mzunguko huo ukiwa thabiti, ukiusukuma kidogo hurudi kwenye ukubwa uleule. (Watafiti wa udhibiti Åström na Hägglund waliugeuza kuwa faida mwaka 1984: waliuzusha makusudi kwa rilei, swichi ya kuwasha na kuzima, ili kutyuni PID, yaani kuchagua thamani zake.) Hesabu hii ya −1/N(A) ni makadirio, na hufaa pale mchakato unapochuja harmoniki za juu (mawimbi madogo ya kasi zaidi yanayoambatana na wimbi kuu).

Kipimo chenyewe ni rahisi. Weka kidhibiti manyuali, yaani uiongoze vali mwenyewe. Yumbo likikoma, chanzo kimo ndani ya kitanzi. Kisha ongeza ishara kwa hatua za 0.5%, ukingoja mtiririko utulie kila mara. Mtiririko ukikaa kimya hatua tatu ukaruka ya nne, kisha ukarudia hivyohivyo upande uleule, vali inanata kwa karibu 2%. Mtiririko ukifuata kila hatua na kuchelewa pale tu unapogeuza mwelekeo, huo ni ulegevu wa viungo, si kunata.

Kwa vali inayonata, legeza nati za glandi (sehemu inayokandamiza pakingi) kidogo kidogo na kwa usawa, ukichunga kuvuja, au badilisha pakingi. Hakikisha pia aktueta (kifaa cha hewa kinachosogeza shina) ina nguvu ya kutosha na hewa haijapungua. Wakati unasubiri kuzima mtambo, zuia intigrali isifanye kazi kosa likiwa chini ya 1%. Mtiririko utakaa pembeni kidogo ya thamani lengwa, lakini pakingi haitaendelea kusagwa usiku na mchana.