Utepe wa lebo unaoishia kwenye taka

Jamani, huu utepe wa mashine ya kuchapa lebo! Unaandika KOROSHO, inakutolea kama sentimita 2.5 tupu kabla ya K. Unakata, unatupa. Kisu kiko mbele ya kichwa cha kuchapa, kwa hiyo kipande cha katikati yake hutoka kitupu kila mara. Chapa KOROSHO, UFUTA, MBAAZI kwa mkupuo mmoja, uache nafasi, utenganishe kwa mkasi: hasara inakuwa moja.

Halafu ule wa karatasi inayochapwa kwa joto. Kopo likae dirishani na jua hili la Mtwara, maandishi yanafifia. Nunua utepe wa plastiki wenye utando juu, milimita 12. Na ufute kopo kwa spiriti kwanza. Likibaki na mafuta ya nazi, ncha zinabanduka.